Watoto wa mjini waharisha, wenyeji wa kijijini wazima: je, ni yule ndama wa bibi?

#1 Mama Watatu

Salamu wanajamvi.

Kila Desemba sisi huenda Marangu, mlimani Kilimanjaro, kwa wazazi wa mume wangu, na safari hii tulikaa siku kumi na mbili. Tumerudi Dar es Salaam na wagonjwa wawili. Wa miaka sita alianza siku ya nane tukiwa kulekule: choo cha maji matupu mara sita au saba kwa siku, hakina damu, tumbo linamsokota na mwili una joto kidogo. Wa miaka mitatu akafuata baada ya siku mbili. Kaka yao mwenye miaka kumi na moja hajapata chochote. Leo ni siku ya kumi na tatu kwa yule wa miaka sita. Juzi nilidhani amepona, jana yakamrudia.

Kinachonisumbua ni kwamba watoto wanne wa shemeji yangu wanaishi palepale, wanakunywa maji yaleyale, wanakula chungu kimoja na wangu, na hakuna hata mmoja aliyeugua.

Mimi namshuku ndama. Ng'ombe wa mama mkwe alizaa mwanzoni mwa Desemba, na banda liko hatua chache kutoka jikoni kama ilivyo desturi ya vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Wanangu wawili wadogo walimpenda mno, wakawa wanamnyonyesha vidole. Ndama huchukua kidole chote mpaka kwenye kiganja, ulimi wake unakwaruza kama msasa, mate yanateremka hadi kwenye kiwiko. Mtoto anacheka, anafuta mkono kwenye gauni, kisha anaendelea na andazi lake. Yule mkubwa anaogopa ng'ombe na hakusogea hata mara moja.

Hospitali moja ya binafsi ilisema ni amiba, ikatoa metronidazo. Siku tano baadaye ikasema ni taifodi. Naomba kujua: je, mtu anaweza kweli kupata ugonjwa wa tumbo kutoka kwa ndama? Na kama ndivyo, mbona wenyeji hawaugui?

#2 Mzee wa Kilema

Pole sana binti yangu, na watoto wapewe pole zangu.

Ndama hana kosa hapo. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya msonge, ng'ombe na mbuzi wakilala upande mmoja na sisi upande wa pili, moto ukiwa katikati. Tulikanyaga kinyesi chao kila asubuhi kwa miguu mitupu, na mama yetu alizaa tisa akakuza tisa. Watoto wako wamebadili maji tu. Maji ya mlimani ni ya baridi, ya Dar es Salaam yametiwa dawa, na tumbo la mtoto halijazoea. Kila mtu atokaye mjini hupatwa na jambo hilo na hupita lenyewe.

#3 Bwana Mifugo

Shikamoo mzee. Naomba niseme kinyume chako kwa heshima, kwa kuwa nimefanya kazi ya mifugo miaka kumi na saba na nimeona jambo hili mara nyingi.

Mleta uzi ametaja mambo matatu ambayo kwangu yana uzito: ndama mwenye umri wa wiki mbili au tatu, choo cha maji kisicho na damu, na ugonjwa unaopungua kisha unarudi. Kuna kimelea kiitwacho kriptosporidiamu ambacho hushambulia ndama hasa kati ya wiki ya kwanza na ya nne ya maisha yao. Ndama huharisha choo cha manjano chenye majimaji, na kwa siku moja anaweza kutoa mayai ya kimelea hicho kwa mamilioni na hata mabilioni, ilhali kwa baadhi ya aina zake mtu hahitaji kumeza zaidi ya kumi hivi ili augue. Kwa binadamu dalili huanza baada ya siku 2 hadi 10, mara nyingi karibu na siku ya saba. Mtoto wako alianza siku ya nane.

Kidole ambacho ndama amekinyonya kina mate, na huyo ndama amelalia kinyesi chake, amejilamba mkia na kunyonya chuchu zilizogusa sakafu ya banda. Mkono ulioshika andazi baada ya hapo umebeba vyote hivyo.

Swali langu: ndama huyo alikuwa anaharisha?

#4 Mtu wa Darubini

Nafanya kazi maabara, kwa hiyo nitajibu sehemu ya vipimo peke yake.

Amiba imekuwa jina la kila tumbo linalouma. Choo kikiangaliwa kwa darubini kwa njia ya kawaida, chembe nyeupe za damu za mgonjwa na amiba wasio na madhara huweza kudhaniwa kuwa ndiye yule mharibifu. Kriptosporidiamu nayo hukosekana kabisa kwa njia hiyo, maana yai lake lina kipenyo cha maikromita 4 hadi 6, dogo kuliko chembe nyekundu ya damu. Lazima sampuli ipakwe rangi ya namna ileile tunayoitumia kutafuta kifua kikuu, na hapo ndipo vidoa vidogo vyekundu vinapojitokeza juu ya buluu au kijani. Kipimo hicho hakifanywi mpaka daktari aandike, na wengi hawaandiki.

Ama taifodi, kile kipimo cha damu cha Widal ambacho bila shaka ndicho kilichotumika, hugeuka chanya kwa watu wengi walio wazima au wenye maradhi mengine kabisa. Tena bakteria wa taifodi anaishi kwa binadamu pekee. Mtoto hawezi kuambukizwa taifodi na ng'ombe wala kuku, kwa hiyo hata kama jibu hilo lingekuwa sahihi, lingemwondolea ndama lawama.

Metronidazo haikiondoi kriptosporidiamu. Hilo lingeeleza kwa nini siku tano za dawa hazikubadili kitu.

#5 Fundi Bomba

Mtoa mada, maji ya kunywa pale nyumbani yanatoka wapi? Wote mnazungumza habari za ndama, ilhali mimi nilipofika kwenye neno Marangu niliwaza mifereji.

Nimefanya kazi za maji upande huo. Mfereji wa asili unatoka juu mtoni, unapita kihamba kwa kihamba, na kila kihamba kina banda la ng'ombe na lundo la samadi chini ya migomba. Mvua za vuli zikinyesha usiku kucha, kila kilicho juu ya ardhi kinaingia humo. Mtu wa chini anachota vinyesi vya mifugo ya majirani zake ishirini.

Mfano mkubwa ni mji wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada. Mei 2000 mvua kubwa ilipeleka samadi ya ng'ombe kwenye kisima kifupi cha mji, klorini haikutiwa inavyotakiwa, na watu zaidi ya 2,000 wakaugua, saba wakafa. Waliokutwa ni bakteria wa aina mbili, E. koli O157 na kampilobakta. Mwenye ng'ombe hakuwa na kosa lolote, alikuwa amesambaza mbolea shambani kama mkulima yeyote. Kule Milwaukee, Marekani, mwaka 1993 wapatao 400,000 walikadiriwa kuugua kwa hicho kriptosporidiamu cha Bwana Mifugo kupitia maji ya bomba, na chanzo kilikuwa ng'ombe wa mashamba ya kando ya mto.

Mkienda tena, tieni vidonge vya klorini kwenye kila ndoo.

#6 Mzee wa Kilema

Fundi Bomba amenikumbusha jambo. Mama yetu alitutuma mferejini alfajiri, kabla kuku hawajashuka, na aliyechelewa hadi jua kuchomoza alirudishwa na ndoo yake tupu. Sikuwahi kuuliza sababu. Alisema tu kwamba baada ya hapo maji yamekwisha kuamka.

Hata hivyo bado sijaelewa kwa nini wale watoto wanne hawakuugua. Maji ni yaleyale.

#7 Bwana Mifugo

Fundi, umesema vema juu ya mifereji, lakini klorini usiitegemee kwa kimelea hiki. Yai lake lina ganda gumu linalovumilia klorini kwa kiwango tunachotia kwenye maji ya kunywa, na ndiyo maana maji ya Milwaukee, ambayo yalikuwa yametiwa klorini, yaliufanya mji mzima uugue. Kuchemsha mpaka yatokote dakika moja kunamaliza kazi. Huko milimani, ambako maji hutokota kabla ya kufikia nyuzi 100, yaacheni dakika tatu.

#8 Nesi wa Ughaibuni

Nawasalimu kutoka Uingereza, ambako ni muuguzi wa watoto.

Huku jambo la mleta uzi halishangazi mtu. Kila majira ya kuchipua, wanakondoo wakizaliwa, shule hupeleka watoto kuwanyonyesha chupa, na kila mwaka tunapata wanaoharisha baada ya wiki. Mwaka 2009 kwenye shamba moja la kutembelewa na watoto huko Godstone, Surrey, watu 93 waliambukizwa E. koli O157, wengi wao wakiwa watoto wadogo, na baadhi walilazwa kwa sababu figo zilishindwa kufanya kazi.

Naomba niseme jambo moja kwa akina mama wenzangu. Wengi tunatembea na kichupa cha jeli ya kuua vijidudu mkobani na tunaamini tumemaliza. Jeli ya spiriti haiui kriptosporidiamu, na juu ya mkono wenye kinyesi au udongo haifanyi kazi vizuri hata kwa bakteria. Ni sabuni na maji yanayotiririka, kusugua mpaka chini ya kucha, kisha kukausha. Na mtoto asile kitu chochote akiwa bandani, wala asiingie na chuchu ya kunyonya mdomoni.

#9 Mwana wa Bungoma

Mimi niko Kenya upande wa magharibi, na ninaona mnamtazama ndama peke yake huku kuku wakipita miguuni.

Hapa kwetu Bungoma, pamoja na Kakamega na Vihiga, kulifanywa utafiti mkubwa ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2018. Familia zilipewa dawa ya maji, vyoo vilivyoboreshwa na vituo vya kunawia mikono, kisha watoto wakafuatiliwa kwa miaka miwili. Watu walitarajia kuharisha kungeshuka. Hakukushuka. Moja kati ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba mipango yote ililenga kinyesi cha binadamu, ilhali kinyesi cha wanyama kilibaki uani. Zimbabwe nako watafiti walikaa na watoto wachanga vijijini wakitazama kila kinachoingia mdomoni, wakaona udongo, na wakaona kinyesi cha kuku.

Nilipousoma utafiti huo wa Zimbabwe sikukataa, kwa sababu mtoto wangu wa pili nilimkuta akiwa na miezi tisa, ameketi kwenye mlango wa jikoni, ameshika kitu cheusi chenye ncha nyeupe na amekwisha kukiuma nusu. Kuku walikuwa wamelala humo jikoni usiku ule. Aliharisha wiki nzima, na choo kilikuwa na damu.

Kuku hubeba kampilobakta tumboni mwake bila kuugua. Mia chache tu za bakteria hao zinatosha kumwangusha mtu. Mama Watatu, kuku wa mama mkwe wanalala wapi?

#10 Mama Watatu

Ahsanteni kwa majibu. Maji ya kunywa yalikuwa ya bomba la kijiji na tuliyachemsha, ila ya kuogea na kuoshea vyombo yalitoka mferejini. Kuku wanalala jikoni, ndiyo. Kuhusu ndama kuharisha, sikuangalia. Nitampigia mama mkwe.

#11 Mwanafunzi wa Afya ya Jamii

Wakuu, ninawaomba tusikimbie mno kwa wanyama.

Kwanza nimsahihishe Fundi Bomba kwenye bandiko namba 5. Walkerton ni kweli ilikuwa samadi. Milwaukee, hapana: ng'ombe walishukiwa mwanzoni, lakini sampuli za wagonjwa zilizopimwa vinasaba miaka iliyofuata zilionyesha aina ya hominis, ile inayozunguka kati ya watu, na hivyo majitaka ya binadamu ndiyo yanayoelekea kuwa chanzo.

Jambo hilo lina maana kubwa kwetu. Utafiti wa nchi saba za Afrika na Asia uliochapishwa mwaka 2013, Kenya ikiwa mojawapo, ulikitaja kriptosporidiamu kuwa miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuharisha kukali kwa watoto wadogo, pamoja na virusi vya rota, bakteria wa shigela na aina mojawapo ya E. koli. Lakini aina inayopatikana zaidi kwa watoto wa Afrika ni hiyohiyo ya watu, wala siyo parvum ya ndama. Ulaya aina ya ndama ina nafasi kubwa, na ndiyo sababu Nesi anaiona kila msimu wa wanakondoo. Sisi tunaazima maelezo ya Surrey na kuyapandikiza Marangu.

Mama Watatu ana watoto saba nyumba moja, pengine mmoja bado anavaa nepi, na wote wanaoga beseni moja. Mimi ningeanza hapo.

#12 Bwana Mifugo

Nakubali sehemu ya hayo. Hata hivyo takwimu za bara zima hazisemi lolote juu ya mkono mmoja uliokuwa mdomoni mwa ndama mmoja. Watoto wawili walionyonyesha vidole wameugua, wa tatu aliyekaa mbali ni mzima, na wote watatu wameoga beseni hilohilo. Nieleze hilo.

#13 Mwanafunzi wa Afya ya Jamii

Naeleza: wa tatu ana miaka kumi na moja. Kadiri mtoto anavyokua ndivyo anavyoacha kutia vidole mdomoni, na ndivyo kinga yake inavyojengeka. Watoto watatu hawatoshi kuhukumu ng'ombe wala kumwachia huru.

#14 Mpare wa Usangi

Watani zangu wa mlimani, mmezungumza juu ya maji, mate na samadi, lakini hakuna aliyethubutu kutaja meza ya Krismasi. Mtani wenu nitaitaja.

Desemba kule ni mbuzi, ng'ombe na kuku. Kisusio kinapikwa kwa damu, na kwa haraka ya wageni huenda kikatolewa kabla hakijachemka vya kutosha. Utumbo unaoshwa penye beseni lile litakalowekwa kachumbari. Nilikuwa nafanya kazi ya kupika shereheni, na nimeona kisu kimoja kikipasua kuku, kikafutwa kwa jani la mgomba, kikakata nyanya. Kuku akioshwa chini ya bomba, matone yanaruka mpaka kwenye sahani zilizopangwa pembeni. Kuku yule atapikwa na kuwa salama, ila nyanya haipikwi.

Mtoto wa mjini amekula kachumbari hiyo mara ngapi katika siku kumi na mbili?

#15 Mama Watatu

Mtani, kisusio watoto hawakunywa. Kachumbari walikula, wote watatu, na watu wazima pia.

#16 Mfugaji wa Mbozi

Kwetu nyanda za juu kusini mnyama wa kuogopwa ni nguruwe. Ukila nyama yake yenye vile vifuko vyeupe vinavyofanana na punje za mchele, unapata kifafa. Jirani yangu alianguka shambani akiwa na jembe mkononi, na kila mtu anajua alivyopenda kitimoto.

#17 Mtu wa Darubini

Pole kwa jirani yako, lakini tusahihishe hapo, maana kosa hilo linaacha mlango wazi. Anayekula nyama yenye vifuko bila kuiva anapata tegu tumboni, yaani mnyoo mrefu, na wengi hawajui hata kama wanao. Kifafa huja kwa njia nyingine: mtu anameza mayai ya tegu yaliyotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo huo, mayai yanaangua, na vifuko vinajijenga kwenye ubongo wake mwenyewe. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe maisha yake yote anaweza kupata kifafa hicho kutoka kwa mpishi mwenye tegu asiyenawa. Nguruwe akila kinyesi cha watu ndipo naye anapata vifuko, mzunguko unaendelea. Kinachoukata ni choo, kumfunga nguruwe bandani, kuivisha nyama na kumtibu mwenye tegu.

#18 Mfugaji wa Mbozi

Nashukuru. Sikulijua hilo la mpishi, na nitalipeleka kwenye kikundi chetu cha wafugaji.

#19 Mwenye Vifaranga

Nafuga kuku wa mayai mia nne, Kibaha. Mwaka jana nilileta vifaranga wa siku moja, na kwa kuwa umeme ulikatika niliwaweka sebuleni karibu na jiko la mkaa. Binti yangu wa miaka minne alikuwa akiwabusu mdomoni mmoja baada ya mwingine kabla ya kulala. Siku ya pili homa kali, kutapika na kuharisha. Tulipofika hospitali alikuwa hana nguvu ya kushika kikombe. Sampuli ya choo ilioteshwa, wakaota bakteria wa salmonela.

Vifaranga wote walikuwa wazima, wakila na kukimbia. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakuna dalili niliyoipuuza.

Nawaomba pia wafugaji wenzangu: tukiona mharo kwa kuku tunakimbilia tetrasaiklini kwenye maji ya kunywa, tunauza mayai keshoye bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye pakiti, na mwisho wa yote bakteria anayefika tumboni mwa mtoto amekwisha kuizoea dawa.

#20 Nesi wa Ughaibuni

Kabla uzi haujaenda mbali, nimrudie mama mwenye wagonjwa, kwa kuwa yeye anauguza wakati sisi tunajadili.

Dada, vyovyote iwavyo, kinachoua ni kupoteza maji. Mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kidogokidogo kwa kijiko kila baada ya choo, endelea kumlisha, na kama hawajaandikiwa zinki, uliza. Hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, hakojoi kwa saa nyingi, analala mno au hawezi kunywa, usingoje asubuhi. Damu ikitokea na mmekuwa karibu na ng'ombe, mwambie daktari hivyo kwa maneno yako, kwa sababu kwa E. koli O157 dawa za kufunga choo hazifai, na antibiotiki huenda zikaongeza hatari ya figo kuharibika. Ng'ombe mwenye bakteria huyo haonyeshi ugonjwa wowote, kwani mishipa ya utumbo wake haina mahali ambapo sumu yake hujishikiza.

#21 Mzee wa Kilema

Tumefika bandiko la ishirini na moja, na bado sijajibiwa kwa nini wale wanne walisalimika.

#22 Mwanafunzi wa Afya ya Jamii

Mzee, nadhani wewe mwenyewe ndiwe jibu. Ulikanyaga kinyesi kila asubuhi, na mwili wako ukajifunza mapema. Kule Texas katika miaka ya 1990 watu wazima wenye afya njema walijitolea kumeza mayai ya kriptosporidiamu ya ndama kwa idadi iliyohesabiwa, na wale waliokuwa na kinga ya zamani kwenye damu walihitaji zaidi ya mara ishirini ya kiasi kilichowaambukiza wenzao. Kwa kampilobakta ni hivyohivyo: katika nchi zetu ni ugonjwa wa watoto wadogo, na mtu mzima aliyezoea hubeba bakteria bila kuharisha.

Ila kinga hiyo inalipiwa, na wanaoilipia ni watoto walio chini ya miaka miwili. Mama yako alikuza tisa kati ya tisa, lakini si kila boma lilikuwa hivyo.

#23 Mzee wa Kilema

Hapo umenifunga mdomo kijana wangu. Boma la jirani yetu walizikwa watatu mwaka mmoja, wote wa kutambaa. Tulisema ni meno.

#24 Fundi Bomba

Napokea sahihisho la Milwaukee na la klorini. Mferejini bado sijatoka, kwa kuwa mama amesema vyombo vilioshwa kwa maji hayo, na kikombe kilichooshwa humo kisha kikatiwa maji yaliyochemshwa hakijachemka.

#25 Mwana wa Bungoma

Na mimi bado niko jikoni kwa kuku.

#26 Mama Watatu

Ndugu zangu, nimezungumza na mama mkwe jioni hii kwa karibu saa nzima, na nawaletea alivyoniambia.

Ndama aliharisha. Alianza siku mbili kabla hatujafika, choo cha manjano chenye harufu ya kuchacha, na wakampa maji ya mpunga. Alikufa tarehe 4 Januari. Hawakutuambia kwa sababu watoto wangemlilia.

Nikamuuliza tena juu ya wale wanne, kwamba kweli hawakuugua. Akasema hawakuugua. Nikamuuliza wa mwisho, mwenye mwaka mmoja na nusu, choo chake kilikuwaje. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Huyo yeye tumbo lake ni la maji tangu mwezi wa kumi, ni kawaida yake." Uzito wake wa kliniki haujapanda tangu mwezi huo. Nepi zake zilikuwa zinafuliwa kwenye lile beseni la kuogea watoto, na wa miaka mitatu ndiye aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja.

Bwana Mifugo, Mwanafunzi, sijui sasa ushindi nimpe nani kati yenu. Kesho asubuhi napeleka choo cha wanangu kwenye hospitali nyingine na nitamwomba daktari aandike kile kipimo cha rangi alichokitaja Mtu wa Darubini. Shemeji anashuka na mtoto wake hadi Moshi kwa ajili ya kipimo hichohicho. Kuna mtu anayejua kama sampuli inaweza kukaa usiku mzima, au lazima ifike ikiwa ya moto?

#27 Mtu wa Darubini

Peleka ya asubuhi, ndani ya muda wa saa mbili tangu itoke, kwenye chombo chenye mfuniko wa kukaza, isiguse maji ya chooni wala mkojo. Na mwambie shemeji wapeleke sampuli tatu za siku tofauti, maana moja ikikosa haimaanishi hakuna.